Nukta za Jumamosi

Siku sita mstari ulinyooka, siku ya saba ukavunjika shingo. Tatu aliiona kasoro ile kabla hajaweka penseli chini, maana jicho lililoshona suruali za watu kwa miaka ishirini na mbili halidanganywi na mstari. Akachomoa uzi mweusi kutoka pindo la kanga, akabana ncha moja kwa kidole gumba pale penye sifuri, akauvuta mpaka pembe ya juu ya karatasi. Nukta za Jumapili mpaka Ijumaa zikalala chini ya uzi kama shanga zilizotungwa. Ya Jumamosi ilikuwa chini, pembeni, kama kifungo kilichoshonwa na mlevi.

“Injinia,” akaita. “Nukta ya jana imeanguka tena.”

Injinia Evodi Mhando, mkuu wa vipimo wa Kampuni ya Anga Tulivu, alikuwa anamenya chungwa. Alimaliza kulimenya kwanza. Ndivyo alivyokuwa mtu yule: hata nyumba ikiwaka angemaliza chungwa lake, kisha angeuliza ni nani aliyeruhusu moto.

“Mama Nyamizi, nilikufundisha nini siku ya kwanza?”

“Chaji mhimili wa kulala, nguvu ya uga wa umeme mhimili wa kusimama.”

“Na mstari?”

“Unaanzia sifuri, unapanda umenyooka. Chaji ikizidi mara mbili, uga nao unazidi mara mbili.”

“Sasa nukta ikikataa kukaa kwenye mstari, mwenye makosa nani? Mstari?” Akajitia chungwa mdomoni. “Mkono wa aliyesoma kipimo ulitetemeka. Futa.”

Tatu akachukua raba. Alikuwa ameshafuta nukta tisa namna ile, na hii ingekuwa ya kumi. Lakini penseli huacha kovu kwenye karatasi, na yeye alikuwa na vidole vya fundi cherehani. Alipopitisha kidole aliyasikia makovu yote tisa, na yote yalikuwa chini ya mstari. Juu hapakuwa na kovu hata moja.

Jambo hilo lilimkereketa. Mkono unaotetemeka hukosea huku na huku, leo juu, kesho chini. Ukiona kipimo kinapungua upande uleule kila mara, hapo si mkono tena, ni kitambaa kilichopungua. Na kitambaa hakipungui chenyewe. Kuna aliyekata.

Akairudisha raba mezani bila kufuta. Injinia hakuona, alikuwa anatema mbegu.

Mji wa Ndabashi ulikuwa kando ya ziwa enzi za bibi yake Tatu. Ziwa likakauka, likaacha magadi meupe mpaka upeo wa macho, na kila kiangazi upepo uliyazoa magadi yale ukayaleta mjini, yakaingia kwenye vyungu, kwenye macho, na zaidi kwenye vifua. Ndipo wakaja waungwana wa Anga Tulivu na Tufe lao: mpira wa shaba mkubwa kuliko mtu mrefu, uliokalishwa kwenye miguu ya kioo juu ya mnara katikati ya mji. Wakalijaza chaji hasi. Chembe za magadi, kwa kusuguana zenyewe angani, nazo huja na chaji hasi. Na hasi na hasi hawakai nyumba moja, ni kama wake wenza. Vumbi lilipofika ukingoni mwa mji likageuza njia, watu wakavuta pumzi, wakapiga vigelegele, na tangu siku hiyo hawakuuliza swali lingine lolote.

Karibu na Tufe hapakuwa na kompyuta iliyomaliza saa moja. Simu zilikufa zikabaki kioo cheusi. Kwa hiyo Anga Tulivu, pamoja na majivuno yake yote, ilibidi irudi kwenye sindano inayocheza ndani ya kisanduku, kisanduku kikawekwa kwenye mlingoti mita kumi kutoka Tufe, na vipimo vikachorwa kwa penseli kwenye karatasi ya viraba. Wakatafuta mafundi cherehani, maana mafundi cherehani wana jicho la mstari. Walitaka jicho tu. Kichwa, walisema, wanacho wao.

*

Jumatatu jioni Nyamizi alikuja kwa mama yake na mtoto mgongoni na shuka jeupe mkononi.

“Nipindie, mama. Jumamosi tunampandisha Kalunde.”

Tatu alilipokea shuka akalitandaza juu ya cherehani. Mjukuu wake alikuwa na siku thelathini na tano. Alizaliwa kabla ya wakati, kifua chake chembamba kama cha njiwa, lakini sauti alikuwa nayo: akilia, majirani wa nyumba ya tatu walijua kama ni njaa au ni mbu.

Zamani mtoto akifika arobaini alitolewa nje, akaonyeshwa jua, watu wakala wali wakaenda zao. Watu wa Ndabashi hilo halikuwatosha tena. Sasa mtoto alipandishwa ngazi za mnara mpaka roshani, mita mbili tu kutoka katikati ya Tufe, akanyanyuliwa mpaka nywele zake zikasimama wima kama majani ya kitunguu. Watu wazima, wenye akili zao na ndevu zao, walisimama chini wakiangalia nywele za mtoto na kusema kabarikiwa. Na ili baraka ionekane vizuri, kila Jumamosi ya kupandisha watoto, nazo hazikuwa kila juma, kampuni ilijaza maikrokulombi mia tatu za chaji, ilhali siku nyingine zote ilipunguza au kuongeza kufuata upepo, bila kuvuka mia mbili.

“Mama mkwe ameshaleta pini,” Nyamizi akasema, akaifungua kwenye kitambaa. Pini ya fedha, ndefu kama kidole cha kati, ncha yake kali. Pini ilitoka upande wa baba, ndiyo desturi. Ilibana shuka kifuani kwa mtoto, ncha ikitazama juu, ikitazama Tufe. “Umeona ilivyo nzito? Yule mkwe wa Bi Havijawa alileta ya bati.”

“Nimeona.”

“Mbona unaitazama kama nyoka?”

Kabla Tatu hajajibu, mlangoni pakaitwa hodi. Alikuwa Mwasiti wa nyumba ya jirani, kamkumbatia bintiye Chausiku, mtoto wa miezi saba. Alikuja kuomba sindano ya mkono. Akaketi kwenye mkeka, wakaanza maongezi ya wanawake, nani kaolewa na nani kajuta. Nyamizi alipoinuka kuchukua maji, kiwiko chake kiligonga mfuniko wa sufuria. Mfuniko ukaanguka sakafuni, ukazunguka ukipiga kelele kama kengele ya shule.

Kalunde alishtuka akainua mikono, akalia mpaka akawa mwekundu.

Chausiku hakupepesa macho.

“Mtazame mwenzio,” Mwasiti akamwambia Kalunde kwa maringo. “Watoto wa Tufe hawana papara. Huyu wangu tangu apande hajanisumbua hata siku moja. Nikimlaza amelala, nikimweka amekaa. Hata njaa hanililii, namkumbuka mwenyewe.”

“Usijali, na wangu akipanda atatulia,” Nyamizi akasema.

Tatu alikuwa ameshika mfuniko. Akaupiga chini tena, kwa makusudi, nyuma ya kichwa cha Chausiku.

“Mama! Una nini?”

“Umeniponyoka,” akasema Tatu. Chausiku aliendelea kutazama ukuta, mtulivu kama kiazi. “Mwasiti, mwanangu, huyu mlimpandisha lini?”

“Jumamosi ile ya mvua kubwa. Tulikuwa watatu. Si wewe uliyetupindia mashuka?”

Ni yeye. Mashuka yote ya arobaini ya Ndabashi yalipita kwenye cherehani yake, na yote aliyaandika kwenye daftari la vipimo: urefu, upana, jina la mtoto, Jumamosi ya kuvaliwa. Aliyaandika ili yasichanganyike, basi. Hakujua kwamba alikuwa anaandika kitu kingine.

*

Walipoondoka alifungua daftari lile upande huu, na upande ule akaweka karatasi yenye makovu, kila kovu na tarehe yake pembeni. Karatasi aliyopewa na kampuni ilikuwa na kiraba kimoja kwa kila volti mia tatu kwa mita. Chaji ikiwa mia tatu, mstari ulimwambia atarajie uga wa elfu ishirini na saba. Yaani nukta ikae kwenye kiraba cha tisini.

Jumamosi ya mvua, daftari lilisema watoto watatu. Kovu lilikuwa viraba vitatu chini ya mstari.

Akahamia nyingine. Watoto sita, wakiwemo mapacha wa kule kwenye magadi. Viraba sita chini. Nyingine, mtoto mmoja tu, kiraba kimoja. Akakumbuka Jumamosi ambayo mji ulikuwa na msiba wa mzee Mahembe, hakupandishwa mtoto, ingawa kampuni, ambayo haijui msiba ni nini, ilipandisha chaji kama kawaida mpaka mia tatu. Akaitafuta nukta ya siku ile. Ilikuwa kwenye kiraba cha tisini, pale pale juu ya mstari, haijasogea hata unywele.

Kwa hiyo si chaji kubwa iliyovunja mstari. Wala si mkono wa msomaji.

Akachukua karatasi mpya. Mhimili wa kulala akaandika watoto. Mhimili wa kusimama akaandika viraba vilivyopungua. Akaweka nukta moja moja, akitafuna ncha ya kanga, akiomba mojawapo ikatae. Hakuna iliyokataa. Akavuta uzi mweusi kutoka sifuri, na uzi ukapita juu ya nukta zote kumi na moja, za watoto na ile ya msiba, umenyooka kuliko mstari wowote aliowahi kumchorea Injinia.

*

“Funga mlango,” Injinia Evodi akasema alipoiona karatasi ile kesho yake. Hakuwa na chungwa siku hiyo.

Tatu akaufunga.

“Nani amekuchorea?”

“Nimechora mwenyewe.”

“Wewe una darasa la saba.”

“Ndiyo. Tulifundishwa kuhesabu mpaka sita.”

Injinia akaigeuza karatasi juu chini, kana kwamba ikipinduliwa itasema jambo jingine. Kisha akacheka kidogo, puani. “Mimi niliona mwezi wa pili. Wewe umechukua mwaka. Si vibaya kwa fundi nguo.”

Tatu alikuwa amejiandaa kumweleza mtu asiyejua. Alikuwa amejiandaa hata kuchekwa. Hakujiandaa kumkuta mtu amelijua jambo akalilalia kama mto.

“Chaji haipotei,” akasema taratibu. “Ulitwambia wewe. Ikipungua hapa imeenda pale. Imepita wapi, Injinia?”

“Unajua imepita wapi.”

“Nataka utamke wewe.”

“Kwenye ncha ya pini.” Alisema kwa uvivu, kama anayemsomea mtoto wa shule. “Uga hupungua ukiwa mbali. Ukisogea karibu mara tano unazidi mara ishirini na tano. Roshani iko karibu mara tano kuliko kisanduku chako. Na kitu chenye ncha hukusanya uga kwenye ncha yake mpaka hewa yenyewe inashindwa kuvumilia, chaji inavuja. Kidogo tu. Mtoto hata halii.”

“Halii tena hata akitaka. Hasikii. Hawa mnaowaita watulivu hawasikii mfuniko ukianguka.”

“Hilo hatuna kipimo chake.”

“Mna sufuria?”

Tatu akasogea mezani. “Basi ondoeni pini. Jambo dogo hilo. Tangazeni leo.”

“Nikitangaza leo pini ziondolewe, kesho wataniuliza kwa nini. Keshokutwa wataniuliza juu ya waliopanda nazo. Ni wangapi kwa hesabu yako?”

“Thelathini na wanne.”

“Baba zao thelathini na wanne, na wajomba, na mashoka. Tufe litang'olewa kabla ya adhuhuri, na vumbi litaingia kabla ya alasiri. Kiangazi cha mwisho kabla hatujaja mlizika watu mia tatu hapa. Wewe ulimzika nani?”

“Mume wangu.”

“Na mjukuu wako kazaliwa kabla ya siku. Kile kifua kitaweza magadi?” Akatoa karatasi safi kwenye droo. Ilikuwa grafu ya miezi mitatu, imechorwa na mkono mwingine, nukta zote zimelala kwenye mstari kama askari wa gwaride. Kila robo ya mwaka grafu ilibandikwa ubaoni chini ya mnara ili watu waone kampuni haina la kuficha, na fundi aliyeichora aliitia saini. “Mwambie binti yako asiweke pini Jumamosi. Hakuna atakayejua. Wako atapona, mji utapona. Wengine ni watoto watatu wanne kila mara, na hawajafa. Watu elfu sita wanapumua. Weka mizani, Mama Nyamizi.”

“Na ubaoni wakiniuliza?”

“Nani atakuuliza? Watu wenu wanaitazama grafu kama kalenda ya mwaka jana.”

Tatu akaikunja karatasi ile safi akaitia kwenye mkoba. “Nitaileta Jumamosi,” akasema. Na ukweli usemwe, wakati ule alidhani ataileta na saini yake.

*

Ijumaa mchana alikata pindo la shuka la Kalunde akashonea kamba mbili za kitambaa mahali pa tundu la pini. Kazi ya dakika kumi. Alipomaliza alijisikia raha kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Wa kwake amepona.

Akanyoosha mkono kuchukua shuka la pili. Kwenye kiti yalikuwapo mengine manne, ya Jumamosi hiyohiyo, ya mama wengine wanne. Kila moja lilingoja ashone tundu la pini kifuani, tundu lililozungushiwa uzi wa hariri, zuri, lililofanya watu wamsifu. Ni yeye aliyeyashona matundu yote thelathini na manne. Injinia na shaba yake na miguu yake ya kioo asingepata mahali pa kupitishia chochote kama fundi Tatu asingetoboa.

Ile raha ikaisha. Akashona kamba kwenye mashuka yote manne. Akaivuta ile karatasi yenye makovu, na kwa penseli nzito, moja baada ya nyingine, akazirudisha nukta zote tisa alizokuwa amezifuta.

*

Jumamosi watu walianza kukusanyika chini ya mnara saa tatu asubuhi, wamevaa vizuri kama kawaida ya wajinga siku ya kudanganywa. Bi Havijawa, mkunga mzee aliyejipa cheo cha kunyanyua watoto, alikuwa ameshapaka hina. Alimkuta Tatu ubaoni, anabandika karatasi mbili kwa uji wa muhogo.

“Mama Nyamizi, umetuletea ramani ya mshono wa suruali?”

“Nimeleta grafu.”

“Hii mbona imekatika miguu? Ile ya zamani ilikuwa nzuri, imenyooka.”

“Ile ya zamani niliipiga pasi. Hii ndiyo yenyewe.”

Wachache wakacheka, wakasogea kutazama bure bure. Tatu hakupanda juu ya kitu wala hakupaza sauti. Aliweka kidole kwenye karatasi ya kwanza, akasema kama anayemweleza mteja mahali nguo ilipobana: huku ni chaji wanayoijaza Tufe, huku ni nguvu inayofika kwenye kisanduku. Siku za kawaida zinakwenda pamoja. Jumamosi nguvu inapungua. Akahamia ya pili. Mkipandisha mtoto mmoja, inapungua kiraba kimoja. Watatu, vitatu. Sita, sita. Siku ya msiba hamkupandisha, haikupungua. Kinachopungua kinapita kwenye pini, kinaingia kwa mtoto. “Ndiyo maana wanatulia,” akasema. “Hawajatulia. Hawasikii. Nendeni mkapige sufuria nyuma yao.”

“Wivu huo,” akasema Bi Havijawa. “Mtu mjukuu wake mgonjwa mgonjwa.”

Wengi wakaguna kumuunga mkono. Juu, mlango wa roshani ukafunguka na Injinia Evodi akatoa kichwa. “Mama Nyamizi, bandua karatasi hizo. Jamani, msihangaike, ni makosa ya uchoraji.”

Huenda ingeishia hapo. Mji ule ulikuwa umezoea kuamini sauti inayotoka juu. Lakini Mwasiti alikuwa amejipenyeza mpaka mbele, Chausiku begani. Aliinua kidole akakigusisha kwenye karatasi ya kwanza, akakisogeza kutoka Jumamosi hadi Jumamosi, midomo yake ikisoma tarehe.

“Sisi tulipanda siku ya mvua,” akasema. “Nukta yangu ni ipi?”

Tatu akamwonyesha.

“Ya watatu. Mimi, Mama Shoma na yule wa kiwandani.” Kidole chake hakikuondoka pale. “Hii imechorwa juu ya mahali palipofutwa.”

“Ndiyo.”

“Nani alifuta?”

“Mimi. Niliambiwa ni mbovu, nikafuta. Yako ilikuwa ya tatu.”

Nyuma yao mama mwingine akasema, “Nionyeshe na yangu. Mwezi wa Shabani, tulikuwa wawili.” Na mwingine. Na mwingine. Hawakupiga kelele. Walipanga foleni mbele ya ubao kama wanaongoja maji, kila mmoja akitaja Jumamosi yake na wangapi walikuwa, na kila mmoja akaweka kidole mahali pake, na hesabu ilikubali kila mara. Watu waliosemwa hawasomi grafu waliisoma mpaka karatasi ikaingia mafuta ya vidole.

Nyamizi alifika wakati huo, Kalunde mikononi ndani ya shuka jeupe. Mama Shoma akatoka kwenye foleni na mwanawe, akalitazama shuka.

“Huyu wa kwako hana pini. Umemfungia kamba.”

Watu wakageuka kutazama kifua cha Kalunde.

“Nilianza na wangu,” Tatu akasema. “Kisha nikafunga na haya manne mengine, yapo hapa kapuni. Lakini nilianza na wangu. Sitawaficha.”

Mama Shoma alimtazama namna mtu anavyotazama kitu kilichokwama chini ya kiatu. Kisha akampa mtu mwingine mtoto wake, akazipanda ngazi. Wanawake wakamfuata. Kwenye ukuta wa mnara palikuwa na mnyororo mnene wa kushushia chaji ardhini, wenye maandishi mekundu ya kukataza, nao waliushika watu wanane wakavuta. Tufe likatoa sauti moja, kama kitambaa kinachochanwa, na nywele za watu wote uwanjani zikalala.

Injinia Evodi alishuka kwa ngazi ya nyuma. “Mtanikumbuka alasiri,” alisema akiingia kwenye gari, akapandisha vioo. Mtu aliyeshindwa kuona watoto thelathini na wanne alikuwa mwepesi sana kuuona upepo.

*

Na alasiri walimkumbuka, maana juu ya upepo hakusema uongo. Magadi yaliingia Ndabashi kabla ya saa kumi, meupe, kimya kimya, kupitia kwenye bati, kupitia chini ya milango. Tatu alikuwa amelowesha kanga zake zote akazitundika madirishani. Kalunde alikuwa anakohoa mapajani mwa mama yake, kikohozi kidogo kikavu kilichomtikisa mpaka miguuni, na kila alipomaliza kukohoa alilia, na kila alipolia alikohoa.

“Ulikuwa na njia ya kunyamaza,” Nyamizi akasema bila kuinua macho. “Kamba ulishamshonea.”

“Nilikuwa nayo.”

“Akinifia?”

Tatu aliloweka kitambaa kingine, akakikamua, akamfunika mtoto pua. Hakuwa na mstari wa kumwonyesha mwanawe kwa swali hilo. Siku mbili alikuwa ameutafuta, hakuuona.

Mlango ukafunguliwa. Mwasiti aliingia na vumbi lake, nyusi nyeupe kama bibi kizee, akaufunga kwa mgongo. Tatu akamsogezea mkeka na kanga yenye maji. Mwasiti alimfunika Chausiku vizuri kwanza, akaketi.

“Nimepiga sufuria,” akasema.

Nyamizi akainua macho.

“Nimepiga mpaka ikabonyea. Baba yake ananitazama.” Akajifuta uso. “Sikuja kukushukuru, Mama Nyamizi. Ungenyamaza, huyu wangu ningemwona amebarikiwa mpaka ninakufa. Ungesema mapema, angekuwa mzima. Wewe ukachagua katikati.”

“Kweli,” Tatu akasema.

“Nimekuja tu kwa sababu nyumba yako ina kanga nyingi.”

Nje upepo ulisugua kuta. Kalunde akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu iliyokwaruza, Nyamizi akafumba macho akingoja kama itatoka, nayo ikatoka, kilio kikali kilichojaza chumba kizima mpaka mfuniko wa sufuria ukaitikia kwenye ndoano.

Chausiku alikuwa anachezea pindo la kanga yenye maji. Hakugeuka.